Bustani Niliyoisimulia kwa Simu

Kwanza niseme jambo moja, tusije tukalaumiana mbele ya safari: mimi si mtu wa maua. Mimi ni fundi wa kufuli. Miaka thelathini na minne nimetazama matundu ya funguo, na kitu kisicho na tundu kilikuwa kinanipita hivi hivi. Mke wangu alikuwa akinishika mkono ananipeleka bustanini, ananionyesha waridi limefunguka, na mimi naitikia "zuri, zuri," huku macho yangu yako kwenye bawaba ya lango inayolialia. Yeye ndiye aliyenipa jina la Komeo. Alisema mdomo wangu ukishajifunga hata ufunguo malaya hauufungui. Kwa asiyejua, ufunguo malaya ni ule unaofungua kila mlango, na jina hilo sikulitunga mimi, kwa hiyo msinitazame vibaya.

Aliondoka mwishoni mwa mvua. Binti yetu, mtoto wetu wa pekee, alikuwa amejifungua mtoto wa kike katika mji ulio mbali, na mume wake ni dereva wa malori, leo yuko hapa kesho yuko mpakani. Katika hali hiyo anaitwa mama, haitwi baba, na mimi sikuona la kubisha. Makubaliano yalikuwa miezi mitatu. Siku ya kuondoka alinipitisha bustanini kopo kwa kopo, begi lake limeshakaa mlangoni. Mawaridi saba kwenye makopo ya rangi, haya maji asubuhi na jioni. Mnanaa kwenye beseni lililopasuka, huu usikauke hata siku moja. Nyanya na pilipili kando ya ukuta. Mlimau una umri sawa na binti yetu, huo unajitegemea. Niliitikia kila kitu. Hata begi nilimbebea mpaka kituoni.

Tulizoea kuongea Jumapili saa kumi jioni, maana siku hiyo binti yuko nyumbani na anaweza kumpokea mtoto. Miezi mitatu ilipotimia, akaniambia kifua cha mtoto kinasumbua, kwa hiyo atakawia kidogo. Nikasema haya. Lakini moyoni niliumia, na mimi nikiumia hununa, na nikinuna lazima kuna kitu kitalipa. Safari ile ililipa bustani. Nilijiambia, mwenyewe ameitupa, mimi ni nani hata niwe mtumishi wa maua? Nikaigeuza ndoo kifudifudi, nikaacha kumwagilia.

Wiki tatu nzima. Na zilikuwa wiki zile ambazo jua huanza kukaza, ardhi inapasuka mpaka unaweza kuingiza kidole. Hasira zilipopoa nikachukua ndoo, nikaenda kumwagilia kwa bidii ya ajabu, kama mtu anayempelekea maiti chai. Mnanaa ulikuwa umebaki vijiti vyeusi. Nyanya zilikuwa zimelala chini. Mawaridi nilikata tawi moja moja kutafuta ubichi ndani, na kila nilipokata nilikuta ukavu wa njiti ya kiberiti. Mpaka kopo la saba. Ulibaki mlimau tu, ule unaojitegemea. Hasira hasara, ndivyo wasemavyo, na mimi nilikuwa nimesimama katikati ya hasara yangu nimeshika ndoo.

Jumapili iliyofuata akaniuliza, "Mawaridi yametoa?" Nilikuwa nimejiandaa kusema kweli, naapa. Lakini sauti yake ilikuwa imechoka, na swali lile aliliuliza kwa hamu sana, nikajikuta nimesema yametoa. Akaniuliza lipi limetangulia. Nikasema jeupe. Akafurahi, akasema huwa linatangulia jekundu, basi mwaka huu jeupe limejitutumua. Nilipokata simu jasho lilikuwa linanitoka mgongoni.

Njia ya mwongo ni fupi, lakini yangu ilijivuta miezi mitano. Shida ya kumdanganya mwenye bustani ni kwamba anauliza maswali ya mwenye bustani. Je, wadudu wanakula majani kwa pembeni au wanatoboa katikati? Nyanya zinaiva kutoka chini au juu? Nyuki wanakuja saa ngapi? Mimi nilikuwa sijui hata kama nyuki wana saa. Nikaona nikiendelea kubuni kutoka kichwani nitaumbuka, kwa hiyo ikabidi nitoke nje nitazame. Hivyo ndivyo nilivyoanza kuangalia mambo ya Mungu, si kwa uchaji wala kwa mapenzi, ila kwa kutafuta vipuri vya uongo.

Nilianza na asubuhi. Nilikuwa naamka mapema kwa sababu kitanda kimekuwa kikubwa. Upweke una tabia zake, na za kwangu zilikuwa za kijinga. Nilipika wali wa watu wawili, asubuhi nikala kiporo cha mtu wa pili. Nilibisha hodi kwenye mlango wa bafu langu mwenyewe, nikasubiri. Kuna siku nilijibiwa na ukimya nikaona kama nimetukanwa. Kwa hiyo nikawa nachukua chai yangu naenda kukaa juu ya kopo la rangi lililogeuzwa, karibu na tangi la maji, kabla jua halijapanda ukutani.

Wa kwanza kumjua alikuwa nyigu. Bomba la tangi lilikuwa linadondosha tone moja moja, kosa langu, mpira wa ndani ulikwisha na mganga hajigangi. Chini ya tone pale palikuwa na tope dogo la ukubwa wa sahani, tope pekee katika ua mzima. Nyigu huyu mweusi, mwenye kiuno chembamba, alikuwa anakuja pale, anafinyanga kidonge cha tope kwa mdomo na miguu ya mbele, anaondoka nacho. Nilimfuata kwa macho siku mbili nisijue anakokwenda. Siku ya tatu nikamkuta chini ya dirisha la jikoni, anajenga kijumba. Nikachukua lenzi yangu ya kazi, ile ninayotazamia meno ya funguo ndogo, nikasogea. Alikuwa analeta buibui wadogo, mmoja mmoja, wamelegea lakini hawajafa, anawapanga ndani. Kilipojaa akaziba mlango kwa tope, akausawazisha kwa kichwa. Mimi nimefunga milango maisha yangu yote na sijawahi kufunga vizuri vile.

Nikamsimulia mke wangu Jumapili. Nikasema nyigu anajenga dirishani, na kwamba tope analichota chini ya mawaridi ninapomwagilia. Nusu kweli, nusu uongo. Akacheka. Alisema hajawahi kunisikia nikisema maneno mengi hivyo kwa mkupuo.

Baada ya hapo nikawa nawinda. Kwenye mlimau nilikuta viwavi vilivyojifanya mavi ya ndege, vyeusi na vyeupe vyenye kung'aa kama vimelowa, na vikishakua vinageuka kijani na kukaa juu ya jani huwezi kuviona mpaka upumue karibu. Ukikigusa kimoja kinatoa pembe mbili nyekundu nyuma ya kichwa na harufu mbaya. Niliwaza, huyu ana hasira kama mimi, tofauti ni kwamba zake zinamsaidia. Palikuwa na chozi, kale kandege kadogo kenye mdomo uliopinda, kalikuja kila siku kupekua maua machache ya mlimau, kakaondoka kama kananidai maua mengine. Jirani wangu alikuwa na ua uliojaa maua mekundu, na chozi yule alikuwa anaanzia kwangu kisha anaenda kwake. Sikuelewa kwa nini aje kwanza mahali pa njaa.

Na palikuwa na konokono. Hawa niliwapata nyuma ya tangi, kwenye kivuli, wamejibandika ukutani wakubwa kwa wadogo. Nilidhani wamekufa. Nikambandua mmoja nikamgeuza, nikaona mdomo wa gamba umezibwa kwa kifuniko cheupe, kikavu, chepesi kama karatasi lakini kimekaza. Alikuwa amejifungia ndani kusubiri jua lipite. Nilimshika kiganjani muda mrefu. Mkono wangu wa kulia una mazoea yake, ukiona kilichofungwa unataka kukifungua, na ukucha wangu ulikuwa umeshafika ukingoni mwa kile kifuniko. Nikamrudisha ukutani polepole.

Huyo nilimsimulia mke wangu bila kuongeza waridi hata moja.

Kiangazi kilikuwa kinaelekea ukingoni. Mawingu yalianza kukusanyika mchana, yanatupa kivuli, yanaondoka bila kuomba radhi. Sisimizi walikuwa wanahamisha mayai yao meupe, wanapanda ukuta wa jikoni kwa mstari mmoja. Ni wakati huo, Jumapili moja, mke wangu aliponiambia jambo ambalo ndilo linanifanya niandike haya.

Alisema binti yetu amepandishwa cheo kazini, na saa za kazi zimeongezeka. Alisema binti anaomba yeye abaki mpaka mtoto aanze shule ya watoto wadogo. Nikauliza huko kuanza ni lini. Akasema akifika miaka mitatu.

"Anataka jibu Jumapili ijayo," akasema. "Nimemwambia kwa baba yako hakuna shida. Nyumba imetulia, bustani imestawi kuliko nilivyoiacha. Nimesema kweli?"

Nikasema amesema kweli. Hapo ndipo nilipoona nilichokitengeneza. Kwa miezi mitano nilikuwa nimejenga bustani nzuri sana, isiyomhitaji mtu.

Wiki ile sikufanya kazi ya maana. Mteja mmoja nilimchongea ufunguo akaja kuurudisha, nikauchonga tena, akaurudisha tena, akaniuliza kama naumwa. Nilikuwa naumwa. Nikimwambia ukweli, ataniona mtu wa kumdanganya mkewe juu ya kitu pekee alichomwachia, tena aliyekiua kwa makusudi. Nisipomwambia, nitakula kiporo cha mtu wa pili miaka miwili na ushee. Nilifikiria hata kwenda kwenye kitalu kununua mawaridi saba nikayapanda kwenye makopo yale yale. Nilifika mpaka mlangoni pa kitalu. Nikaona miche ya mawaridi imepangwa, imefungwa nailoni, na nikajua nikiinunua nitakuwa fundi anayeghushi ufunguo wa nyumba yake mwenyewe. Nikarudi mikono mitupu.

Jirani yangu ni mwalimu wa hesabu aliyestaafu, mtu wa utani mkavu. Ijumaa alinichungulia juu ya ukuta akanikuta nimechuchumaa nyuma ya tangi na lenzi jichoni. Akaniuliza nimepoteza pete au akili. Nikamwambia natazama konokono. Akasema basi ni akili. Kisha akaniuliza habari za mjukuu. Nikasema mzima.

"Ameshaota meno?"

Nikasema sijui.

"Anakaa mwenyewe? Anatambaa?"

Nikasema sijui, sikuuliza. Mwalimu alinitazama kama alivyokuwa akimtazama mwanafunzi aliyeandika jibu bila njia. Kisha akashuka ukutani.

Nilijitetea mwenyewe pale nilipochuchumaa. Fundi wa kufuli ana adabu yake. Nimefungua milango ya watu waliofungiwa nje na wake zao, makabati ya marehemu huku ndugu wamesimama nyuma yangu wanahema, ofisi za wakubwa waliokimbia na funguo. Nikishafungua, nausukuma mlango upenyo wa kidole, natoa mgongo, namwachia mwenyewe aingie. Sichungulii, siulizi kuna nini ndani. Kwa adabu hiyo mji mzima unaniamini. Mke wangu yuko kwa mwanawe, ndani ya nyumba ya watu, na mimi nilimwachia mambo ya ndani yawe yake. Nilijiambia hiyo ni heshima, lakini nilipojiambia haikukaa sawa.

Jumapili ikafika. Tangu asubuhi hewa ilikuwa nzito, shati linagandana na mgongo. Nilifagia ua ingawa hapakuwa na cha kufagia. Nikakaa kwenye kizingiti cha mlango wa nyuma, simu kwenye goti, makopo saba yamenitazama. Saa kumi kamili akapiga.

Hatukusalimiana kwa kirefu. Nilijua nikimwachia aanze yeye, ataniuliza mawaridi, na nitajibu.

"Mama," nikasema, "bustani imekufa."

Nilisikia nyuma yake gari likipiga honi, kisha mlango ukifungwa. Nadhani alitoka nje ya chumba.

"Imekufa lini?"

"Ulipokawia. Nilinuna, nikaacha kumwagilia. Nilipojirudi nikakuta imekauka yote."

"Jeupe?"

"Limekufa."

"Mnanaa?"

Nikamwambia mnanaa ndio uliotangulia. Aliuliza kimoja kimoja, kwa mpangilio ule ule alionipitisha siku ya kuondoka, na mimi nikajibu kimoja kimoja. Alipomaliza, nilisikia anapumua kwa pua. Huyo ndiye mke wangu akizuia kulia. Namjua kwa hilo, sihitaji kumwona.

Akaniambia nyumba ya binti iko ghorofa ya nne. Dirisha la sebule linatazama ukuta wa jengo jingine, na kwenye ukuta ule hakuna hata kuvu. Kila Jumapili akikata simu alikuwa anarudia moyoni yale niliyomwambia. Jioni akimbembeleza mtoto alikuwa anamsimulia: leo jeupe limefunguka, leo babu amechuma nyanya saba. Alisema mtoto akisikia neno babu anatazama mlangoni. Mimi nilikuwa nimekaa na makopo ya udongo mkavu, yeye alikuwa amekaa na bustani yangu ya uongo, na sasa nilikuwa nimeiua mara ya pili. Niliona aibu ambayo sikuwahi kuiona tangu utoto.

"Na konokono?" akauliza.

"Konokono ni wa kweli."

"Nyigu?"

"Wa kweli. Amejenga vijumba vinne. Viwavi ni wa kweli pia, na yule chozi."

"Nilidhani hao ndio uliowatunga," akasema. "Mawaridi ulikuwa unayasema kama mtu anayesoma tangazo, nikajua ni uchovu tu. Lakini konokono ulimsema mpaka nikaona raha. Nikasema, huyu Komeo leo ametunga."

Nikataka kucheka, nikashindwa. Nikamwomba radhi. Nilisema kwa maneno kamili, nimekukosea, nisamehe, maana kuna watu huomba radhi kwa kukohoa na mimi nimekuwa mmoja wao miaka mingi. Nikamwambia pia kwamba sikai vizuri. Nikamwambia habari ya wali na habari ya kubisha hodi bafuni. Kusema hayo kulikuwa kugumu kuliko kusema bustani.

Aliponijibu hakuwa amekasirika. Ingekuwa heri angekasirika.

"Unajua mimi nimekusubiri kwa lipi?" akasema. "Si bustani. Bustani hufa, mvua zikija mtu anapanda. Miezi minane kila Jumapili mimi nakuuliza huko kukoje, na wewe hujaniuliza huku kukoje hata siku moja. Unajibu maswali yangu kama shahidi mahakamani, kisha unasema haya, kwaheri. Nikawa najiambia hataki kujua. Nikawa najiambia amezoea."

Nilifungua mdomo kumweleza adabu ya fundi, jinsi ninavyotoa mgongo kwa heshima. Nikaona kabla sijasema kwamba mtu aliye ndani ya mlango ule, kwa miezi minane, alichokuwa anaona ni mgongo tu.

Kwa hiyo nikauliza swali la kwanza lililonijia.

"Unalala wapi?"

"Sebuleni," akasema. "Kwenye kochi."

"Tangu lini?"

"Tangu nifike. Nyumba ina chumba kimoja. Miguu haienei, kwa hiyo naikunja. Mgongo unaniuma upande wa kushoto, lakini nimezoea."

Mimi nilikuwa nalala kitanda cha watu wawili, shuka la upande wake limenyooka vile vile, nikijihurumia kwa ukubwa wake. Nikamuuliza dawa anatumia gani. Nikamuuliza anakula saa ngapi, na nani anambeba mtoto yeye anapooga. Nikamuuliza kama mtoto ameota meno. Alisema manne, mawili chini na mawili juu, na kwamba amemuuma begani jana akamwachia alama. Alieleza mambo mengi, polepole mwanzoni, kisha maneno yakaanza kugongana, na mimi nilikaa kwenye kizingiti nisimkatize. Alisema ana siku hazungumzi na mtu mzima mpaka binti anaporudi kutoka kazini, na binti akirudi amechoka, anataka kulala. Alisema anashuka ghorofa zote nne na mtoto mgongoni kwenda kutazama mti mmoja ulio kando ya barabara, kisha anapanda tena.

Baadaye nikauliza lile nililokuwa naliogopa wiki nzima.

"Umeshampa binti jibu?"

"Bado. Nilisema nisikie kwanza simu yako. Ungeniambia tena bustani iko sawa, ningemwambia nabaki."

"Na unataka kurudi?"

"Nataka." Alisema haraka, kisha akapunguza mwendo. "Lakini huyu mtoto akiniona nimeshika begi ataniliza. Na mama yake hana mwingine. Siwezi kujikata vipande viwili."

Nilitazama ua wangu. Sikuwa na la kumshauri, na safari hii sikulitafuta. Nikafikiria duka, wateja, milango yote ya mji ambayo nilikuwa naamini haitafunguka bila mimi.

"Nikifunga duka nikaja huko," nikasema, "hilo kochi litatutosha?"

Nikasikia anacheka, kicheko kidogo chenye machozi.

"Halitutoshi," akasema. Kisha akasema, "Njoo hivyo hivyo. Jibu tutampa sote wawili."

Nikamuuliza basi la kwenda huko linaondoka saa ngapi na linachukua muda gani njiani, maana kwa miezi minane hata hilo nilikuwa silijui.